Njaa ya Moyo

Baada ya kumzika mama yetu hapa Bariadi, tulishikwa na mazoea ambayo twaona haya kuyataja. Nyumba ilipokwisha kulala, tuliingia jikoni gizani tukala michembe iliyobakia chunguni, hata tumbo likauma. Wala hatukuwa na njaa. Usiku mmoja ahali yetu alitukuta, akauliza kwa upole: "Bwana, ni tumbo lenye njaa, au ni moyo?" Hatukuwa na jawabu, tulilia.

Ndugu wasomaji, chakula kumliwaza mfiwa si kosa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa ya kuwa Bibi Aisha (r.a.) alipofiwa na jamaa yake aliamuru ipikwe talbina, yaani uji wa shayiri, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa huutuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Lakini uji ule uliliwa pamoja na watu wa nyumbani. Sisi tulikula kwa siri, na huzuni ikabaki palepale, ikaongezewa uzito wa tumbo.

Tangu siku ile, hamu ikija usiku, kwanza twajiuliza swali lile. Ikiwa ni tumbo, twala kwa kiasi. Ikiwa ni moyo, twatia udhu, twasali rakaa mbili, twamwombea marehemu, kisha twazungumza na ahali yetu habari za mama. Ziko siku twashindwa, lakini hatujifichi tena.

Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa wote. Amin.