Mambo Yampasayo Msafiri Aendaye Nepal

Kaskazini ya Bara Hindi, mpakani na Tibet, iko nchi ya Nepal. Ulimwenguni viko vilele 14 vinavyopita urefu wa mita 8,000 (futi 26,247), na vinane kati ya hivyo vimo ndani ya Nepal au juu ya mpaka wake. Mkubwa wa vyote ni Everest, ambao Wanepali huuita Sagarmatha. Kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, urefu wake ni futi 29,032.

Kwa zaidi ya miaka 100 watawala wa ukoo wa Rana waliifunga nchi hiyo, na wageni walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache mno. Hata hivyo, vijana wa Kinepali walijulikana mbali kwa uaskari wao. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walikuwa katika jeshi moja na Wagurkha, ambao asili yao ni milima hiyo. Utawala wa Rana ulipokwisha mwaka 1951, milango ilifunguliwa. Tarehe 29 Mei 1953 Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kileleni Everest, na tangu hapo wageni hawajakoma kwenda.

Wengi hurudi kwao salama na wenye furaha. Lakini kila mwaka wapo wanaoteremshwa kutoka milimani wakiwa wagonjwa mahututi, na wapo wanaofariki, kwa ugonjwa ambao ungaliweza kuzuiliwa. Kwa hiyo matayarisho ya safari hii si jambo la anasa.

HATI NA SINDANO

Pasi ya msafiri yapasa iwe na muda usiopungua miezi sita kabla ya kuisha nguvu. Wageni wengi hupewa viza papo hapo katika uwanja wa ndege wa Kathmandu, kwa siku 15, 30 au 90, kwa kulipa ada. Lakini raia wa nchi kadhaa, zikiwamo baadhi ya nchi za Afrika, hawapewi viza uwanjani. Imewapasa kuiomba kwanza katika ubalozi wa Nepal. Ni heri kila mtu aulize habari za nchi yake kabla ya kununua tikiti.

Atokaye Kenya asisahau cheti cha sindano ya homa ya manjano, kwa maana Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Cheti hicho huanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe. Basi mtu achomwaye sindano siku ya kuondoka amechelewa.

Fedha ya huko ni rupia ya Nepal. Mjini Kathmandu benki ni nyingi, lakini katika vijiji vya juu hazipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo noti za kutosha zichukuliwe mapema. Msafiri asishangae akiona mwaka 2080 na zaidi umeandikwa katika karatasi za ofisini, kwa sababu kalenda ya Nepal hutangulia kalenda ya Kizungu kwa miaka 56 au 57, na mwaka mpya huanza katikati ya Aprili. Tena saa zao ni za peke yake: ikiwa ni saa sita ya mchana Nairobi, Kathmandu ni saa tisa kasorobo.

MAJIRA YA KWENDA

Mvua kubwa hunyesha tangu Juni hata Septemba. Wakati huo barabara huharibiwa na maporomoko ya udongo, ruba hujaa misituni, na mawingu huificha milima. Miezi iliyo mizuri ni Oktoba na Novemba, ambapo mbingu huwa safi, na tena Machi hata Mei. Desemba hata Februari baridi ni kali, na theluji huweza kuzifunga njia za juu.

Waendao upande wa Everest wengi huruka kwa ndege ndogo hadi Lukla, kijiji kilicho futi 9,300 hivi. Kiwanja chake ni kifupi sana na kimejengwa kwa mteremko ubavuni mwa mlima. Ukungu ukishuka, ndege haziruki, na watu huweza kungoja siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo, mwenye busara huweka siku za akiba kabla ya tarehe ya kurudi kwao.

HATARI YA HEWA NYEPESI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mji wa Kathmandu uko futi 4,600 hivi, chini ya Nairobi, na mkaaji wa Nairobi hataona tofauti. Lakini kambi ya chini ya Everest, mahali ambapo wapandaji huanzia tu, iko futi 17,600 hivi, yaani juu kupita kilele cha Mlima Kenya, ambacho ni futi 17,057. Huko kila pumzi humpa mtu nusu tu ya hewa aliyoizoea pwani.

Mwili huweza kuzoea hali hiyo, ila hautaki kuharakishwa. Kanuni ya waganga ni kwamba mtu akishapita futi 10,000, mahali pake pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya futi 1,600. Na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Wanepali husema "bistari, bistari", nayo maana yake ni "pole pole".

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi kupotea. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimwishie. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, au kuchanganyikiwa, au kutweta hali amekaa tu, imempasa ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku. Dawa ziko, lakini hakuna dawa ipitayo kuteremka. Nguvu za ujana hazimkingi mtu. Mara nyingi kijana hodari ndiye augaye kwanza, kwa kuwa alikwenda mbio.

Chama cha kuokoa watu milimani, Himalayan Rescue Association, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina vituo vya waganga Pheriche na Manang katika majira ya wageni. Bima nayo iangaliwe vema: nyingi hazilipi gharama za helikopta, wala hazimhesabu mtu aliyepanda juu sana.

WAPAGAZI NA VIONGOZI

Mwaka 2023 serikali ya Nepal ilitoa amri kwamba wageni waendao kwa miguu katika njia nyingi za milimani wawe na kiongozi mwenye leseni. Pamoja na kiongozi, wengi huajiri wapagazi. Yafaa ijulikane kwamba si wapagazi wote ni Washerpa waliozaliwa juu. Wengi ni wakulima wa mabonde ya chini, wanaolima mpunga, mahindi na wimbi katika matuta, na kubeba mizigo wakati wa kungoja mavuno. Wimbi hilo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nao huupika unga wake uwe dhindo, chakula ambacho mtu wa Kisii angekiita ugali bila kuuliza.

Mkulima huyo hushikwa na ugonjwa wa hewa nyepesi sawasawa na mgeni. Basi mwajiri ahakikishe kwamba mpagazi wake ana viatu, koti la baridi na mahali pa kulala, na akiugua asipelekwe chini peke yake.

ADABU

Salamu ni "namaste", viganja vikiunganishwa mbele ya kifua. Viatu huvuliwa mlangoni, na kitu hutolewa kwa mkono wa kuume. Mtu azungukapo hekalu la Kibudha huliacha upande wake wa kuume. Ng'ombe ni mnyama wa heshima, na kumchinja ni kosa la sheria. Katika hekalu kuu la Pashupatinath hawaingii ila Wahindu na Wabudha. Wengine hutazama kutoka ng'ambo ya mto.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mavazi yawe ya kuvaliwa moja juu ya jingine, na viatu vivaliwe nyumbani kwanza hata vizoeane na mguu. Lakini kitu cha kwanza kuandaliwa ni siku zenyewe. Mwenye siku 10 tu asijaribu safari ya siku 14. Achague njia fupi, maana milima itakuwapo hata mwaka ujao.