Robo ya Bodi

Wazee wengi wa Ufipa watakueleza jina la Sumbawanga kwa maneno mawili: sumba, tupa, wanga, uchawi. Tupa uchawi wako. Yaani anayeingia mjini anaambiwa cha kuacha hata kabla hajaulizwa amebeba nini. Mimi nimekulia huko, na watu wa Dar wakisikia natokea wapi huniuliza kama likizo nasafiri kwa basi au kwa ungo. Huwa nacheka nao. Lakini mwaka 2024, mama alipoamua kuhama, jina lile lilianza kunisikika kama swali la kawaida kabisa la mtu mwenye mizigo: kipi kitupwe, kipi kiende?

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Baba alifariki mwaka 2016. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai inaingia kwenye magoti ya mtu wa miaka 61 na kukaa humo. Dada yangu anaishi Morogoro, ana chumba cha ziada na joto la kutosha. Uamuzi wenyewe wa kuhama ulichukua jioni moja. Vitu ndivyo vilivyochukua miezi mitatu.

Shida ya kwanza ilikuwa gari. Rukwa inalisha watu wengi, na baada ya mavuno magari huja matupu na kuondoka yamejaa mahindi kupita Laela, Tunduma, Mbeya, na kuendelea. Kwa mkulima hiyo ni habari njema. Kwa anayehama ni ushindani: kila nafasi utakayoijaza wewe kwa kabati, mwenzako angeijaza kwa magunia. Dalali mmoja akatupatia Fuso lililokuwa linapeleka mzigo Dar. Tajiri wa gari akakubali kutuachia robo ya bodi, upande wa nyuma, ili vitu vyetu vishuke Morogoro bila kugusa mahindi ya watu. Robo, akarudia, na siyo nusu.

Mama alifanya kile ambacho mwalimu wa hesabu angefanya. Alichukua futi na chaki, akasogeza meza, akachora mstatili kwenye sakafu ya sebule: mita moja na nusu kwa mbili na kidogo. "Kisichoingia hapa," akasema, "hakina nauli."

Kwa wiki kadhaa tuliishi tukiuzunguka ule mstatili. Makochi yalitolewa mapema, dada alishasema kwake yapo. Cherehani iliingia, ikatoka, ikaingia tena. Kinu kilitoka bila mjadala, Morogoro mashine za kukoboa haziko mbali. Mablanketi manne mazito, yale yaliyotulinda kila Julai ya utoto wetu, yakagawiwa kwa majirani. Kisha mama akaleta koti la baba, koti zito la sufu lenye viwiko vilivyochakaa, akaliweka katikati kabisa ya mstatili.

Nikamwambia Morogoro hakuna baridi ya koti lile.

"Sijasema nalivaa," akajibu. Tukaendelea na masufuria.

Hapo nilianza kuelewa kwamba orodha tunayoiandika kichwani kabla ya kuhama ni ya uongo kidogo. Tunaandika kana kwamba kila kitu kinapimwa kwa matumizi: kitatumika, kisitumike. Lakini vitu vingine vina kazi moja tu, kuwapo. Havifai kitu, na ukiviacha unajikuta hujui pa kuanzia kumkumbuka mtu. Nafasi ya vitu vya namna hiyo ni ndogo, kwa hiyo inabidi viwe vichache. Mama alichagua kimoja.

Mahali palipouma zaidi hapakuwa ndani ya mstatili wala hata ndani ya nyumba. Kuna shamba la ekari sita upande wa Laela, alilolima yeye na baba kwa zaidi ya miaka 20. Mama alipotangaza safari, baba mdogo alikuja kutoka kijijini. Alikunywa chai, akauliza habari za magoti, akasifu uamuzi. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji, wewe ukienda, basi shamba linarudi kwa wenyewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha utaratibu, na utaratibu huo upo kweli. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za kimila za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Kitanzania walilipeleka jambo hilo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa CEDAW, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilikiukwa. Lakini maamuzi ya kamati ya mbali hayafiki mezani pa chai pamoja na sukari. Mezani hufika shemeji.

Mama alikuwa na kitu kimoja ambacho wajane wengi hawana: hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili, la baba na lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hati ile ni karatasi tu, haina uzito wowote, na haikuingia kwenye mstatili. Ilisafiri ndani ya mkoba wake, pamoja na kadi ya bima na picha moja ya harusi. Kama kuna ushauri mmoja wa kuhama ninaoweza kuutoa kwa moyo mweupe, ni huo: karatasi hazipandi Fuso.

Hata hivyo hati peke yake haitoshi. Sheria hiyo hiyo inasema ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kwa hiyo swali la baba mdogo lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika. Mama hangeweza kubeba shamba, na wala hangeweza kuliacha hivi hivi.

Hili si jambo jipya katika familia yetu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mwaka uliofuata, mwaka huo huo mkoa wa Rukwa ulipozaliwa, gari lilifika kwenye kitongoji cha bibi, mzaa mama. Walipewa muda mfupi wa kupakia. Bibi alichukua mlango wa mbao, maana mbao zilikuwa ghali, kibuyu chenye mbegu za ulezi, mtoto mgongoni, na jiwe dogo la kusagia, lile la kushikwa mkononi. Mama, aliyekuwa na miaka 11, alipewa kuku wawili wa kushika njia nzima. Jiwe kubwa la chini lilibaki. Halikuwa la kubebeka.

Bibi alikaa kwenye kijiji kipya, kando ya barabara, hadi alipofariki. Shule ilikuwa karibu, na mama yangu alikuja kuwa mwalimu kwa sababu ya shule hiyo. Bibi mwenyewe alilisema hilo, hakuwa mtu wa kusema uongo ili huzuni yake ionekane kubwa. Lakini kila mwaka alitembea kurudi kule kufyeka makaburi, mpaka miguu ilipokataa. Neno la Kiswahili kwa mahali kama pale ni mahame. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la kijiji. Nilipokua ndipo nikasikia kitenzi ndani yake: hama, mahame. Kila anayehama hutengeneza vitu viwili kwa wakati mmoja, makazi mapya na mahame, na mara nyingi tunasherehekea kimoja na kukificha kingine.

Ukitaka kuona watu waliolifikiria jambo hili vizuri, nenda porini Ufipa ukatafute malungu. Hayo ni matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Mafundi wa Kifipa walifanya kazi hiyo mbali na nyumba. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye matanuru madogo, vintengwe, kisha kikafuliwa majembe. Majembe ya viwandani yalipoenea, kazi hiyo ikafa, lakini baadhi ya malungu bado yamesimama, yamezungukwa na nyasi. Fundi hakuwahi kufikiria kubeba tanuru. Alichohama nacho kutoka tanuru moja hadi lingine ni kikapu chake cha dawa na ujuzi wake. Tanuru lilibaki palepale, na msimu mwingine likifaa liliwashwa tena. Halikutupwa. Liliachwa likiwa tayari.

Nadhani hapo ndipo penye tofauti, kati ya kutupa, kutelekeza na kuacha. Kutupa ni uamuzi. Kutelekeza ni kukosa uamuzi. Kuacha kunahitaji mtu wa kuachiwa, na ndiyo maana kuna kazi kubwa kuliko kufunga maboksi.

Mama aliifanya kazi hiyo kwa akili ambayo sikuitegemea. Baba mdogo ana binti, ameolewa na kuachika, amerudi nyumbani na watoto wawili. Analima vipande vya kuazima, kwa kuwa mashamba ya baba yake yamekwisha kugawiwa kaka zake. Mama alimwita na kumuuliza, mbele ya baba yake, kama anaweza kuzilima ekari sita. Binti akatazama chini, akasema, "Naweza, mama mkubwa."

Baba mdogo hakuwa na la kusema. Angekataa, angekuwa anamkatalia mtoto wake. Angekubali, alikuwa amekubali kwamba shamba lina mwenyewe wa kuligawa. Alimaliza chai yake.

Wakaenda ofisi ya kijiji, mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Ikaandikwa kwamba mwenye shamba ni mama, mlimaji ni binti, na kila mavuno mama atapata gunia moja la maharage. Kinachobaki ni cha mlimaji. Mashahidi wakasaini. Baba mdogo alikuwa mmoja wao, ingawa siku ya safari hakuja kuaga, na mpaka leo akipiga simu anaongea na mimi, haongei na mama. Sijui kama hilo litapona. Mama anasema alijua lina nauli yake.

Kabla ya kuondoka alimpa binti kitu kingine. Jiwe dogo la bibi lilikuwa limekaa nyumbani kwetu miaka yote, tukiligongea karanga. Kijijini, kwa bibi, lilibaki jiwe kubwa alilolipata baadaye kandokando ya kijito na kulizoeza kwa jiwe lile dogo, mpaka yakashikana. Mimi nilikuwa nimeliweka jiwe dogo ndani ya mstatili, nikijua ni la lazima kuliko yote. Mama alilitoa.

"Haya yalishatenganishwa mara moja," akasema. "Yakae pamoja. Na yeye ana ulezi wa kusaga."

Fuso liliondoka alfajiri. Koti la baba lilisafiri limekunjwa ndani ya pipa la maji, juu yake cherehani. Sasa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama Morogoro, na joto lote lile halijalipunguzia heshima. Wajukuu wanaliita koti la babu, pamoja na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemwona akilivaa.

Ukulima wa Kifipa, kwa asiyeujua, ni wa kugeuza. Nyasi hufyekwa na kufunikwa na udongo kuwa matuta ya duara, intumba. Ndani yake nyasi zinaoza. Juu yake unapanda maharage, na msimu unaofuata unayasambaza matuta na kupanda nafaka kwenye udongo ulionona. Ndiyo mbolea yetu ya siku nyingi. Lakini lazima awepo mtu wa kugeuza, mwaka hadi mwaka, la sivyo linabaki pori.

Mwezi wa nne mwaka huu binti alituma picha kwa WhatsApp: matuta yamejaa shamba zima, meusi, yana unyevu. Nikampelekea mama simu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Nilingoja machozi, nikawa hata nimetafuta la kumwambia.

"Haya ya chini ameyatenganisha mno," akasema. "Mpigie, nimweleze."

Nikampigia. Waliongea dakika arobaini.