Jukwaa Lenye Magurudumu: Sauti ya Kijiji ni Mali ya Nani?

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake. Nimezifundisha ibara hizi kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu huzijadili kwa bidii, wakitaja mahakama, magazeti na mitandao ya kijamii. Ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza swali ambalo mkulima wa Nachingwea au Ruangwa hulikabili kila anapoitwa mkutanoni: kipaza sauti ni cha nani, na mafuta ya jenereta yamelipiwa na nani?

Swali hilo limenishughulisha tangu mwaka 2024, kwa sababu nimekuwa mshiriki, kwa fedha kidogo na maneno mengi, katika ujenzi wa tela dogo la kubebea jukwaa, spika, nyaya na taa. Kazi yenyewe ni ya vijana watano wa Nachingwea, mmoja wao mpwa wangu. Kwetu sisi Wamwera, ambao kwa asili ukoo hufuata upande wa mama, mjomba hana mlango wa kutokea shauri la mpwa wake linapomfikia. Shauri likaletwa, nami nikaketi kulisikiliza.

Msomaji asiyeijua kusini aelewe kwanza kalenda yetu. Mvua zikikatika, ufuta huuzwa. Kuanzia Oktoba huja minada ya korosho. Katikati ya mauzo hayo mawili ndipo kunapojaa harusi, jando na unyago, mashindano ya mpira na mikutano ya kila namna. Ruangwa, tangu Namungo FC ipande Ligi Kuu mwaka 2019, hata vijana wa vijijini wamezoea kuona uwanja wenye matangazo na muziki, nao wanataka mashindano ya kata yao yafanane na hayo. Mahitaji yapo, ila vifaa vingi hukodiwa kutoka Masasi, Mtwara au Lindi mjini. Huja juu ya lori pamoja na mwenyewe, na jioni huondoka pamoja naye. Gharama ya safari peke yake humfanya mwenye harusi ndogo akate tamaa.

Wenye uwezo wa kuleta lori hilo mara kwa mara ni wachache: mfanyabiashara anayetangaza bidhaa, na mwanasiasa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, na zuio hilo likaondolewa tarehe 3 Januari 2023. Tangu hapo mwenye spika amerudi kuwa mtu wa kutafutwa. Mimi ni miongoni mwa waliofurahia kuondolewa kwa zuio hilo, na furaha hiyo bado ninayo. Lakini haki ya kukutana ikirejea katika mahali ambapo vifaa vya kusikika viko mikononi mwa wachache, wengi hurudishiwa haki ya kusikiliza tu.

Linganisheni na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano huo wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea ndio chombo chenye mamlaka ya juu kabisa katika kijiji. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa kila robo mwaka. Sasa utazameni ulivyo: watu mia tatu chini ya mwembe, upepo unavuma, mtendaji anasoma tarakimu kutoka daftarini, na walioko safu ya nne hawasikii kitu. Mwenye swali, aghalabu mwanamke aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni, hutakiwa apaze sauti, na haya humzuia. Mkutano unafungwa, muhtasari unaandikwa kwamba taarifa ilisomwa na kupokelewa. Siku chache baadaye, mahali pale pale, mgeni mwenye spika nane anasikika hadi kijiji cha pili.

Nachingwea ina uzoefu wa muda mrefu na mambo yanayofika kwa magurudumu ya wengine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msitu ukafyekwa kwa mashine, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa hadi kwetu. Karanga hazikustawi kama walivyotarajia, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo tunayo kata inayoitwa Stesheni, na hakuna garimoshi linalosimama hapo. Wazee wetu hawakuulizwa reli ilipoletwa. Ilipoondolewa pia hawakuulizwa, kwa kuwa haikuwa yao.

Ndiyo maana niliposikia neno «tela» kutoka kwa mpwa wangu, nilitaka kujua kwanza litakuwa la nani. Vijana hawa walitarajia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya, nao hawakuona sababu ya kusubiri. Katika minada ya Oktoba 2024, bei ya korosho ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, kila mmoja alitoa sehemu ya mauzo ya familia yake. Kilichopungua nilichangia mimi kiasi, na kilichobaki fundi wa kuchomelea alikubali kukidai.

Walichagua tela badala ya gari kwa hesabu nzuri. Tela halina injini ya kufa wala halinywi mafuta, na linaweza kuvutwa na gari la yeyote. Kiungio chake ni cha mpira wa chuma wa milimita 50, kipimo cha kawaida, ili pikapu yoyote yenye kiungio cha namna hiyo iweze kulivuta. Urefu wake ni mita tatu, upana mita moja na nusu, juu ya ekseli moja iliyotolewa kwenye pikapu chakavu pamoja na springi zake. Magurudumu ni ya ukubwa ule ule wa magari mengi ya huku, kwa hiyo tairi moja la akiba linatosha tela na gari. Ubavu mmoja hufunguka kwa bawaba, hushuka na kusimama juu ya miguu ya chuma, nao huwa sakafu ya jukwaa.

Nilijifunza pale gereji mambo ambayo vitabu vyangu havikunifundisha. Mzigo wote hukaribia kilo 600, na sehemu kati ya kumi na kumi na tano katika kila mia ya uzito huo inapaswa kulalia mbele, kwenye kiungio. Uzito ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba gari linapokwenda kasi, na dereva anaweza kushindwa kulizuia. Kwa hiyo jenereta limewekwa mbele kidogo ya ekseli, spika nzito juu ya ekseli yenyewe, na vyuma vya turubai vimelazwa sakafuni. Amplifaya na miksa zina sanduku lao lenye sponji pande zote, na milango imezungushiwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, kwani vumbi jekundu la barabara zetu huua vyombo vya umeme kuliko mvua. Nyuma kuna taa, vioo vya kuakisi mwanga, na namba ya usajili ya tela lenyewe. Fundi alitaka kuanza kupaka rangi kabla namba haijatoka. Vijana wakamwambia asubiri, maana hawakutaka kumpa mtu yeyote sababu ya kulizuia barabarani.

Kitu ninachokipenda zaidi ni waya mmoja wa mita 40. Mpwa wangu ndiye aliyeudai. Vipaza sauti vimekuwa viwili: kimoja cha jukwaani, na cha pili cha kupitishwa kati ya watu hadi safu ya mwisho.

Wasomi wetu walilifikiri jambo hili zamani. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Malya na baadaye Msoga, katika miaka ya 1980, wakitumia sanaa za wenyeji ili wanakijiji wachambue matatizo yao wenyewe badala ya kuhubiriwa. Kwa jirani zetu wa Kenya, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000, na mwaka 1977 wakaigiza humo tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha yao. Kibali kikafutwa mwezi Novemba mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Waliotoa amri ile walielewa vizuri kwamba jukwaa linalomilikiwa na watu wa kawaida si samani tu.

Mtihani wa vijana wetu haukuja kwa sura ya polisi. Ulikuja kwa sura ya msaada. Mtu mmoja mwenye nia ya kugombea mwaka 2025 aliahidi kulipa deni lote la fundi na kuongeza spika mbili. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: tela lipakwe rangi ya chama chake, picha yake iwe ubavuni, na hadi uchaguzi wa Oktoba lisikodishwe kwa mpinzani wake yeyote.

Nilipigiwa simu usiku. «Mjomba,» mpwa wangu alisema, «fundi anadai fedha, hadai katiba.»

Sikuwa na haki ya kulibeza neno hilo. Mimi nina mshahara wa kila mwezi; yeye ana mikorosho na mama mgonjwa. Nilimwuliza jambo moja tu: baada ya Oktoba, mtu wa chama kingine akifiwa na kutaka kukodi turubai na spika, atakuja kwenu? Alikaa kimya kidogo, kisha akasema atawaeleza wenzake. Walibishana siku mbili. Watatu wakakataa masharti, wawili wakayataka, na mmoja wa hao wawili akajitoa na kudai arudishiwe mchango wake. Wanamlipa hadi leo, pamoja na fundi. Huo ndio msimamo wao ulivyogharimu, nami sipendi usifiwe na watu wasioujua uzito wake.

Waliobaki waliandika kanuni nne. Bei ni moja kwa vyama vyote. Tela halipakwi rangi ya chama wala picha ya mtu. Mkutano mkuu wa kijiji hulipia mafuta tu. Na kila linapokodishwa kwa mkutano wa hadhara, kipaza sauti cha pili lazima kifike kwa wananchi.

Mkutano wa kwanza ulikuwa katika kijiji kimoja mpakani mwa Nachingwea na Ruangwa. Taarifa ya mapato ilisomwa na kusikika mpaka barabarani. Bibi mmoja alipewa kipaza sauti akiwa ameketi, akauliza fedha zilizokatwa katika kila kilo ya korosho kwa ajili ya darasa la shule zimefikia ngapi, na darasa liko wapi. Mwenyekiti alijibu, tena kwa heshima; tarakimu zikasomwa mara ya pili, na tofauti ya hesabu ikaonekana mbele ya wote. Mkutano ukaazimia taarifa kamili iletwe robo ifuatayo. Hakuna aliyetukanwa. Wiki mbili baadaye, vijana waliitwa kwenye ofisi moja kueleza nani aliyewatuma. Wakaonyesha tangazo la mkutano lenye mhuri wa kijiji, wakaruhusiwa kuondoka. Tangu siku hiyo nakala ya tangazo husafiri ndani ya tela, karibu na funguo za magurudumu.

Ndugu msomaji, sipendekezi kila kijiji kiunde tela. Napendekeza kwamba tunapohesabu mahitaji ya demokrasia ya vijijini tuhesabu pia kipaza sauti, na tumtaje mwenye nacho. Halmashauri inayokopesha vijana inaweza kuweka sharti la bei sawa kwa vyama vyote. Kijiji kilichoweza kuchangia madawati kinaweza kuchangia spika mbili na betri, zikatunzwa ofisini kwake. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo kila mwaka huwasomea wakulima hesabu za korosho na ufuta, vina sababu kubwa kuliko wengine ya kutaka wasikike.

Deni la fundi limebaki robo. Yule mwenye nia alirudi na kuongeza dau kabla ya Oktoba hiyo. Vijana walimjibu kwamba wako tayari kumhudumia kwa bei iliyoandikwa, kama mtu mwingine yeyote, na kwamba atakapomaliza hotuba yake waya wa mita 40 utapelekwa nyuma.