Rejesho Halijui Mbalamwezi

Watu huniuliza nilipata wapi ujasiri wa kuacha kazi ya mshahara hapa Mwanza, na ajira yenyewe ni ya kugombania. Ujasiri haukuwepo. Kilichokuwepo ni likizo.

Nilikuwa afisa mikopo katika taasisi moja ndogo ya fedha. Wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa Mwaloni, Kirumba, wauzaji wa dagaa. Kila wiki kikundi kinakaa, majina yanaitwa, rejesho linahesabiwa. Asiyefika, wenzake wanamchangia shingo upande. Akizidi kukwama, ni mimi ninayekwenda na gari kubeba friji, makochi au cherehani, chochote alichoandikisha kuwa dhamana. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu. Mimi walivyoniita nikishapita, nilikuwa najua pia.

Sasa, dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inawavuta. Mbalamwezi ikikomaa, taa haifui dafu, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa kila mwezi. Mwaloni panapoa. Rejesho, hata hivyo, ni la kila wiki. Mama aliyelipa vizuri wakati wa giza, mbalamwezi inamkuta hana mzigo, anakwenda kukopa kwingine ili anilipe mimi, na akishaanza hivyo hatoki tena. Hakuwa mzembe wala tapeli. Ratiba ilipangwa na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kuuliza dagaa wanavuliwaje. Nilimwomba meneja tulegeze wakati wa mbalamwezi, tukaze wakati wa giza. Alinisikiliza vizuri tu, akasema mfumo hauruhusu. Mfumo, yaani kompyuta.

Hata hapo sikujua kama wakati wa kuondoka umefika. Mtu aliyechoka huona kila kitu kibaya, na mimi nilikuwa hoi: silali, nyumbani nafoka ovyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, lakini ofisini kwetu tulizoea kuimega vipande. Mwaka huo niliichukua nzima, nikaenda kwa wazazi Sengerema. Nikalima, nikalala. Uchovu uliisha mapema kuliko nilivyodhani. Nilitegemea ukiisha huo, hamu ya kazi itarudi. Haikurudi. Nilikuwa nimepumzika, nina nguvu zangu, na bado nikifikiria kuingia uani kwa mtu kubeba cherehani yake, jibu lilikuwa hapana.

Baba, mwalimu mstaafu, hakupenda. "Mwanangu, kazi huachwa ukiwa na nyingine mkononi." Alikuwa na haki ya kusema. Mke wangu hakuuliza habari za moyo wangu; aliuliza ada ya shule atalipa nani. Tukakaa na karatasi. Anayeacha kazi kwa hiari hapati fao la kukosa ajira la NSSF, wala hawezi kutegemea kiinua mgongo cha yule aliyeachishwa na mwajiri. Akiba yetu isingefika hata mwisho wa muhula. Kwa hiyo nilirudi kazini nikiwa nimeshaamua, tukabana matumizi mpaka ada ya mwaka ikatimia, ndipo nikaandika notisi ya siku 28.

Leo nawatunzia hesabu wafanyabiashara wa dagaa, na nina mzigo wangu mdogo. Kipato hakifikii mshahara ule, na mbalamwezi inanibana mimi pia. Juzi kijana aliyerithi meza yangu alinipigia.

"Shikamoo kaka. Nimechoka, nataka kuacha."

Nikamuuliza kama likizo ya mwaka ameshaenda. Akacheka; kachukua siku mbili tatu tu, za kwenda msibani. Nikamwambia aende yote, akirudi anipigie tuongelee kuacha.