Nguvu Iliyolala na Nguvu Inayokimbia

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Timberborn, uliotolewa mwaka 2021 na studio ya Mechanistry ya Poland, binadamu hawapo tena. Dunia wameachiwa biva, wale wanyama wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanaoangusha miti kwa meno na kuziba mito. Mchezaji huwajengea mji. Ili mashine ya kupasua mbao ifanye kazi, inahitaji nguvu, na nguvu hiyo hutoka kwenye gurudumu ambalo biva mwenyewe hukimbia ndani yake, au kwenye gurudumu la maji linalowekwa mtoni.

Mimi ninasomea isimu ya lugha za Kiafrika hapa Bukavu. Ninauandikia mchezo huu kwa sababu ya mdogo wangu, anayejiandaa kufanya mtihani wa dola kwa mara ya pili. Mwaka jana fizikia ndiyo iliyomwangusha. Kanuni zote amezikariri kwa Kifaransa, kama mtu anavyokariri sala. Jioni moja aliniuliza: «Yaya, force, énergie, puissance, zote si nguvu tu? Kwa nini wanazitenga?»

Wengi wetu hapa idarani tungemjibu kwa istilahi. Vitabu vya Tanzania vinatumia kani kwa force na nishati kwa énergie. Ni maneno mazuri, nami ninayatumia. Ila kumpa maneno mengine mageni juu ya yale ya Kifaransa kungekuwa kumwongezea mzigo wa kukariri. Nikamweka mbele ya mchezo.

Kwanza aliweka gurudumu penye maji mengi yaliyotulia. Halikuzunguka. «Maji si yapo?» akashangaa. Akaweka jingine mtoni, likazunguka polepole. Akajenga kuta mbili kuubana mto. Maji yakaongeza mbio, gurudumu likatoa zaidi. Kisha ukaja ukame, kama unavyokuja kila mara katika mchezo huo. Mto ukakauka, gurudumu likasimama, na mashine ya mbao nayo ikanyamaza. Safari iliyofuata alijenga bwawa lenye malango, akayatunza maji na kuyaachilia kidogo kidogo. Baadaye akajenga betri ya uzito: nguvu ikizidi, mzigo mzito hupandishwa juu, ikipungua, mzigo hushuka na kuirudisha.

Hapo ndipo aliposema, bila mimi kumwekea maneno kinywani: «Kumbe kuna nguvu iliyolala na nguvu inayokimbia.»

Kifaransa kinatenga dhana hizi kwa majina. Yeye alizitenga kwa vitenzi. Neno nguvu ni pana, kweli, lakini lugha yetu haiiachii nomino kazi yote. Kirejeshi kimoja ndani ya kitenzi kinatosha kuonyesha ni nguvu ipi. Iliyolala tunaihesabu kwa jouli. Inayokimbia tunaihesabu kwa wati, yaani ni jouli ngapi zinatoka kila sekunde. Hakuandika neno lolote daftarini, na hajasahau.

Kutoka kwenye mchezo tulihamia nyumbani. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika mita zipatazo 770. Maji ya Kivu, kwa kuwa yako juu hivyo, ni nguvu iliyolala. Ruzizi, unaotoka ziwani hapa Bukavu na kushuka hadi Tanganyika, ndiyo nguvu inayokimbia. Ndiyo maana mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II imejengwa mtoni, si ziwani. Mdogo wangu ameuona mto huo tangu utotoni. Hakuwahi kuambiwa kwamba ndio unaozungumziwa katika daftari lake la fizikia.

Karatasi ya mtihani itakuwa ya Kifaransa, na hakuna atakayemuuliza nguvu iliyolala ni nini. Itambidi avuke kutoka lugha moja hadi nyingine akiwa peke yake. Lakini sasa ana kitu cha kuvusha.

Sisi tunaosomea lugha hizi huulizwa na wazazi zitatulisha nini. Sina jibu la sahani. Ninachojua ni kwamba kazi yetu haiishii kwenye kuunda istilahi. Ni pia kukaa karibu na mwanafunzi na kuandika anavyosema siku ile anapoelewa.