Hata Beat Ilikufa, Mjomba

Mjomba wangu kule Boito, Kenya, amenikera, na heshima zake anazo. Binti wa dada yangu alimwambia anataka kuendelea na mpira baada ya kidato cha nne. Akajibiwa kwamba timu za wasichana hazidumu, hata huko Marekani kwa mama yako mdogo zinakufa.

Kweli, zinakufa. Mimi naishi Georgia, karibu na Kennesaw, na timu ya hapa imekufa mara mbili. Atlanta Beat ya kwanza ilianza 2001 pamoja na WUSA, ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake nchini humu. Golini Briana Scurry, mbele Sun Wen wa China, na Homare Sawa wa Japani. Mwaka huo huo wakafika fainali, wakatoka 3-3 na Bay Area CyberRays, wakashindwa kwa penalti. Mwaka 2003 fainali tena, Washington Freedom wakawafunga 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwezi haukuisha, ligi ikafungwa kwa kukosa pesa, siku tano kabla ya Kombe la Dunia kuanza hapa hapa Marekani. Beat ya pili ilikuja 2010 katika ligi ya WPS. Misimu miwili tu, na ule wa 2011 walishinda mechi moja.

Lakini mjomba, njoo uone walichoacha. Chuo kikuu cha Kennesaw kilishirikiana na timu kujenga uwanja wa watu zaidi ya 8,000, na leo wasichana wa chuo wanacheza hapo. Nikitaka kujua nani alifunga bao gani mwaka 2001, nashika simu tu, yote yapo.

Sisi je? Timu yetu ya wasichana ilizaliwa kwa mashindano ya mwanasiasa, ikafa siku kombe lilipotolewa kule Mogogosiek. Dada yangu alikuwa winga wa kushoto. Baadaye nilimwona shambani akichuma majani ya chai na jezi ile ile, kamba ya kikapu imemkwaruzia namba 11 mgongoni mpaka imebaki 1.

Na mpira tunaujua! Vihiga Queens walitwaa ubingwa wa CECAFA 2021 wakaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake Afrika. Junior Starlets, wasichana wa Kenya, walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024, wakaifunga Mexico 2-1. Timu ya wanaume ya Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia. Harambee ya kanisa tunafanya, ya kupeleka mtoto ng'ambo tunafanya, bonasi ya majani ikiingia kila mtu ana mipango. Mpira wa wasichana ndio tunaomwachia mwanasiasa.

Binti atacheza, mjomba. Daluga nimeshampa msafiri anayeshuka Kericho. Na wewe msomaji uliyekuwa kwenye fainali ile ya Mogogosiek, kama una picha au unakumbuka nani alikuwa golini, niandikie. Dada yangu amenipa majina saba, na wachezaji walikuwa kumi na mmoja.