Kigugumizi cha Nani

Muziki ukianza kukatakata kwenye kompyuta, jiulize kwanza swali dogo: unakatika mahali palepale kila mara? Kama ni palepale, shida iko kwenye faili, au kwenye kipande cha diski ambacho faili hilo limelalia. Kama leo ni hapa na ukirudia ni kwingine, faili ni zima, mashine ndiyo inashindwa kwenda nalo. Nimewatengenezea watu kadhaa hapa Wundanyi kompyuta zao kwa swali hilo tu. Pesa huwa ni nadra, lakini avokado hazijawahi kukosa.

Mwaka huu ilibidi nilitumie swali hilo kwa sauti ya mtu mwenye kigugumizi.

Baba mkubwa alifariki mwaka jana, mvua za Novemba zikianza. Miezi mitano kabla ya hapo binti yake, dada yangu tuliyelelewa naye boma moja, alimkalisha barazani, akawasha simu, akamwomba aeleze kila kitu: mashamba, mipaka, nani anamdai, mfereji wa maji ulichimbwa lini na kina nani. Dakika 94. Dada hakuwa na bando siku hiyo, kwa hivyo akanirushia faili kwa bluetooth. Wiki chache baadaye simu ikaibwa Voi akipanda matatu. Sauti ya mzee ikabaki mahali pamoja duniani, kwenye laptopu yangu ya mitumba.

Julai hii kaka yetu mkubwa akasema anataka kuuza shamba la mtoni. Mama mkubwa akasema mumewe alimwachia yeye. Ndipo likakumbukwa lile faili, na mimi nikaitwa. "Wewe uliacha chuo, lakini kompyuta unajua," aliniambia mjomba mmoja, bila ubaya wowote. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Sasa naishi kwa kuandika makala na kunakili sauti za watu, dakika kwa dakika, kwa wateja ambao sijawahi kuwaona. Nikaambiwa ninakili na hii.

Tuelewane kuhusu sheria kidogo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe afariki ndani ya miezi mitatu. Baba mkubwa alikaa mitano, na shahidi alikuwa dada peke yake. Mahakamani lile faili lisingesimama kama wosia. Lakini kwetu mambo ya shamba huanzia kwa wazee wa ukoo, na wazee walisema watasikiliza.

Sasa, baba mkubwa. Alikuwa akikwama hasa kwenye herufi za midomo, m na b na p. Midomo inafungana, shingo inakaza, unamwona anasukuma mlango kwa ndani. Kanisani aliimba besi miaka mingi bila kukwama hata mara moja, kwa sababu wenye kigugumizi wengi wakiimba maneno hutiririka tu. Mama mkubwa hakuwahi kummalizia neno. Sisi watoto tukijaribu kumsaidia, alitutazama jicho moja tu, tunanyamaza, tunangoja.

Usiku wa kwanza nilipocheza faili, alikuwa anakatika kila baada ya sekunde chache, na sikuweza kujua ni yeye au ni laptopu. Kesho yake kaka akaja kusikiliza. Tukafika dakika ya 51. "Shamba la mtoni ni la ma... ma... ma..." Kimya. Halafu: "mama yenu."

"Si unaona, imeruka," kaka akasema. "Alikuwa anataja jina langu, hiyo mashine yako ikaunganisha na kwingine." Jina lake kweli linaanza na Ma.

Kaka hakuwa anaongea upuuzi. Faili bovu huweza kuruka. Nilitaka kujua, na nilikuwa na siku nne.

Nilianza na wimbo ninaoujua kwa moyo, maana wimbo wa namna hiyo ukikosa hata nukta unasikia. Nikaweka "Malaika" wa Fadhili William, aliyeurekodi miaka ya 1960. Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida, kwa hivyo huku milimani tunajihesabia sehemu yake. Malaika naye akakatika. Nikarudia, akakatika kwingine. Basi hapo mashine ilikuwa na lake.

Sauti kwenye kompyuta hufanya kazi kama maji ya nyumba zetu. Maji ya chemchemi huja yakipenda, ndiyo maana tunaweka tangi. Bomba la jikoni hunywa kwenye tangi, halijui kama huko juu maji yamekatika. Programu ya muziki nayo ina tangi lake: inasoma sauti mapema kutoka kwenye diski, inaweka akiba, halafu spika zinakunywa humo. Na spika zina kiu. Muziki wa CD una vipimo 44,100 kwa kila sekunde. VLC, ambayo wengi tunaitumia, huanza na akiba ya muda mfupi tu kwa faili za kawaida. Kompyuta ikishughulika na jambo lingine kwa muda mrefu kuliko huo, tangi linakauka na wewe unasikia mkato.

Joto halikuwa mshukiwa. Wundanyi Julai ni ukungu na sweta mbili. Nikazima hali ya kuokoa betri, ambayo huipunguzia kompyuta kasi. Nikafunga kivinjari kilichokuwa na kurasa thelathini wazi. Nikaingia kwenye mipangilio nikapandisha akiba hadi milisekunde 2,000. Malaika akaimba mwanzo hadi mwisho.

Nikarudi kwa baba mkubwa. Mikato mingi ikaisha, ikabaki ile isiyohama. Na hiyo ilikuwa ya aina mbili. Mahali pengine sauti ilisimama sekunde nne, tano, sita, na ndani ya laptopu nikasikia tik, tik, tik. Hicho ni kichwa cha diski kinarudia kusoma mahali palipokufa. Tangi kubwa halisaidii kitu kama chemchemi yenyewe imekauka. Mahali pengine hapakuwa na tik. Hapo alikuwa mzee mwenyewe.

Diski huweka kumbukumbu za afya yake, zinaitwa SMART. Nikafungua, nikaona vipande vinavyosubiri kuhamishwa vimefika 37. Kuanzia hapo sikulicheza faili tena, maana kila ukimsomesha mgonjwa wa namna hiyo unamchosha. Nikaazima diski ya nje kwa mwalimu jirani, nikaendesha ddrescue. Programu hiyo ina akili ya mtu mzima: inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, halafu inarudi polepole kwa vigumu, tena na tena. Usiku huo niliomba stima isipotee. Haikupotea. Asubuhi nilikuwa na faili lote, isipokuwa kipande kimoja cha baiti 4,096. Kwa sauti iliyorekodiwa kilobiti 128 kwa sekunde, hiyo ni kama robo ya sekunde.

Na haikuwa kwenye dakika ya 51.

Nikaifungua dakika hiyo kwenye Audacity, ambapo sauti unaiona kama milima. Faili likiruka, mara nyingi huacha ukingo uliokatwa kwa kisu. Hapa hapakuwa na kisu. Kulikuwa na m inayonguruma chini chini, pumzi, m tena, pumzi. Nikapandisha sauti ya ule ukimya. Nyuma yake jogoo wa mama mkubwa alikuwa anawika. Alianza kuwika kwenye "ma" ya tatu, akaendelea katikati ya ukimya wote, akamalizia juu ya "mama yenu". Mwiko mmoja, haukukatika popote. Mashine ingeruka, jogoo naye angeruka.

Jumamosi wazee walikuja sita. Nilicheza kipande hicho kwa spika ya kwaya. Mzee alipokwama, hakuna aliyekohoa. Watu walingoja kama zamani. Kaka akaomba kirudiwe, nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema, "Huyo jogoo si tulimchinja Krismasi," akatoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Shamba halijauzwa. Kaka hajanipigia simu tangu siku hiyo, na mkewe hunisalimia sokoni akiwa anatembea.

Nilipowapelekea wazee karatasi, mmoja aliuliza hizi ma-ma-ma ni za nini, si niandike mama mara moja ieleweke. Mama mkubwa akasema ziachwe. Ziko tatu, ukurasa wa 17.

Ile robo ya sekunde iko dakika ya 12, anapoeleza mfereji. "Tulichimba elfu moja mia tisa sitini na s...a." Diski imekula katikati. Mama mkubwa anasema ni sita, kwa sababu alikuwa ameshaolewa. Mzee mmoja anasema saba, na kwamba yeye ndiye aliyeshika sururu. Nimecheza kipande hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa vipokea sauti, usiku, na kuna siku nasikia t.